Mtu Wetu wa Ndani

Munich, 25 Agosti

Mpwa wangu Dunja,

Tafuta kiti ukae kabla hujaendelea kusoma. Mjomba wako Momčilo ana bahati ambayo ikigawanywa kwa mtaa wetu mzima wa Leskovac, kila nyumba itapata fungu lake na paka atabakiziwa. Nimepanda cheo! Kuanzia mwezi huu mimi ndiye Mkuu wa Umeme wa Jengo la Tatu katika ile Kampuni kubwa. Jina silitaji, ni siri, lakini kama una simu mfukoni basi ndani yake kuna kitu kilichotoka kwetu. Wahandisi wananizunguka kila mchana. Hawali bila mimi. Mkubwa wao, Ruppert, mtu wa digrii tatu, ananiita Momo, na akiwa na shida hunieleza mimi kabla ya mkewe.

Haya, baada ya kujisifu, salamu. Mimi mzima, isipokuwa mgongo unanisumbua kidogo kwa kusimama. Mama yangu, bibi yako, hajambo? Mwambie asipande ngazi kufuata zabibu, yule mwanamke ana miaka themanini na moja na hana akili hata ya kumi na nane. Dada Ljubinka, mama yako, mwambie soksi zimefika na zimenitosha, moja kuliko nyingine.

Sasa neno lenyewe. Dada ameniandikia kwamba umemaliza uhandisi wa umeme huko Niš, na kwamba kampuni ya umeme ya mji wetu inakutaka ukasome mita. Dunja! Miaka mitano ya chuo, halafu uende nyumba hadi nyumba ukifukuzwa na mbwa? Huku kwetu wanatafuta wahandisi vijana wa zile bodi za umeme za ndani ya simu. Omba kazi huku. Mambo ya kwetu unayajua: hupati kazi kama huna mtu wa ndani. Mmoja ana baba wa ubatizo kwa meya, mwingine binamu wizarani. Wewe una mimi. Mtu wako wa ndani ndiye huyu anayekuandikia.

Halafu usinipigie simu za picha. Kampuni imetukataza kamera, ni siri za kazi. Tuandikiane barua kama watu waliostaarabika.

Mjomba wako mwenye bahati,
Momčilo


Niš, 12 Septemba

Mjomba Momčilo, shikamoo.

Sisi hatujambo. Barua yako ilinikuta nyumbani Leskovac. Bibi alipanda ngazi siku ileile barua yako ilipofika, tena alipanda akiwa nayo mfukoni ili, anasema, asikie vizuri unavyomkataza. Herufi zako za M bado zinaruka kama mbuzi, tulicheka. Ukurasa wa pili ulikuwa na doa la mafuta. Mama ameinusa karatasi akasema, "Jibini." Halafu akasema wakuu wa umeme wa Ujerumani wanakula vizuri.

Habari ya cheo chako mama ameitangaza mtaani kabla sijamaliza kuisoma. Sasa hivi mwenye duka la matairi anatusalimia kwanza. Ana mtoto wa kiume, anauliza kama Jengo la Tatu lina nafasi ya mlinzi.

Nimeomba, mjomba. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku: je, unamjua mtu yeyote anayefanya kazi hapa? Mama alikuwa amesimama nyuma ya bega langu.

"Andika!"

"Mama, ngoja nimuulize kwanza."

"Umuulize nini? Si mjomba wako? Andika kwa herufi kubwa!"

Nikaandika: MOMČILO TASIĆ, MKUU WA UMEME, JENGO LA TATU.

Sasa nikuambie ninachoogopa. Nikiwa na karatasi mbele yangu naweza. Nikiwa na mtu mbele yangu, ulimi unageuka mbao. Kwenye mtihani wa mdomo wa mwisho profesa aliniuliza kapasita ni kitu gani, nikamtajia fomula. Akasema, "Hiyo ni fomula, binti. Mimi nimeuliza kitu." Nikanyamaza mpaka akanionea huruma. Je, huko wanauliza nini? Wanataka mtu ajibu vipi? Kampuni ya umeme ya nyumbani inanisubiri hadi mwisho wa mwezi tu, niseme ndiyo au hapana. Nikisema hapana, wanampa mwingine, na hakuna kazi nyingine ya umeme Leskovac. Nishauri.

Mpwa wako,
Dunja


Munich, 20 Septemba

Dunja wangu,

Salamu kwa wote, na ile ngazi ikatwe kuni.

Kuhusu kile kisanduku. Kusema kweli si kila kisanduku lazima kijazwe, mwanangu. Wajerumani wanapenda kuweka visanduku tu, kama bibi yako anavyopenda kuweka vitambaa juu ya televisheni. Ofisi ya wafanyakazi hawajui watu wote, sisi ni wengi mno. Basi, kilichoandikwa kimeandikwa. Mwambie mwenye duka la matairi nafasi ya mlinzi imejaa.

Sasa sikiliza. Ruppert ndiye anayewasaili wageni, kila Jumanne, na kila Jumanne mchana anakuja kwangu uso umekunjamana. Jumanne hii kaja hivyohivyo.

"Momo, nimewasaili watano leo. Wote kasuku."

"Umewauliza nini?"

"Nimewauliza hivi: pale umeme unapoingia kwenye bodi tayari tuna kapasita kubwa. Kwa nini basi tunaweka na kapasita ndogo pembeni ya kila chipu? Wote wamenitapikia fomula. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kinachotokea."

Nikamwambia anieleze mimi. Akachora kwenye karatasi ya kufungia, akitafuna. Anasema chipu ni mlafi: imetulia, imetulia, mara ghafla inataka umeme mwingi kwa kufumba na kufumbua. Ile akiba kubwa iko mbali, na njia ya shaba ni kaidi, haipendi kuharakishwa. Mpaka umeme wa mbali ufike, chipu imeshazimia. Kapasita ndogo ni akiba ya karibu.

Nikamwambia, "Bwana, hilo hata mimi nalijua! Saa sita wanakuja watu hamsini kwa mkupuo. Unga umejaa stoo, sawa, lakini ukianza safari ya stoo wakati huo, watu wameshaondoka. Ndiyo maana unaweka sinia moja tayari, hapa, pembeni ya oveni. Sinia linawatuliza, na stoo inalijaza sinia polepole."

Ruppert akaacha kutafuna. "Momo," akasema, "ungekuwa mhandisi."

"Kwani mimi ni nani?" nikamjibu.

(Hayo ya unga ni mfano tu, nimeutoa kichwani.)

Kwa hiyo shika hili moja: hawataki jibu, wanataka kusikia akili yako ikitembea. Fikiri kwa sauti. Ukikwama, sema umekwama wapi. Na zoezi lako ni hili: kila kitu ulichosoma, mweleze bibi yako bila fomula hata moja. Akielewa yeye, Ruppert ataelewa. Bibi ndiye mgumu zaidi.

Karatasi imekwisha.

Mjomba


Leskovac, 5 Oktoba

Mjomba, shikamoo.

Nimerudi nyumbani. Huku moshi tu, kila ua linachoma pilipili hoho za kusaga ajvar ya kupaka mkate, na nywele zangu zinanuka kama za mtu aliyeokolewa motoni. Mama amenunua kilo themanini. Tumekaa uani watatu, tunamenya, na mimi nafundisha.

"Bibi, kapasita ni chombo kinachoshika umeme kidogo kwa muda."

"Anamshikia nani?"

"Chipu."

"Kwa nini chipu asishike wake?"

"Hana mfuko."

Bibi akamenya pilipili nzima. Halafu: "Na huyu kapasita akimaliza alichoshika?"

"Anajazwa tena kutoka kwa yule mkubwa wa mbali."

"Polepole au haraka?"

Mjomba, hilo ndilo swali lenyewe! Hilo ndilo profesa wangu alitaka! Nikaeleza ya rezista inayobana umeme, kwamba ikiwa kubwa kujaza kunachelewa, nikatumia bomba la bustani na ndoo, bibi akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Nimeelewa. Sasa huyo kapasita anaoa lini, maana wewe naona huolewi." Tangu siku hiyo nimemfundisha transfoma, diodi na redio. Diodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, ameipenda sana. Anasema ni kama mama yangu: maneno yanatoka, hayaingii.

Ulimi wangu umelegea, mjomba. Sijui nikushukuruje.

Lakini kwenye barua yako hukunijibu neno juu ya kazi ya hapa. Nilisubiri hadi tarehe thelathini. Mama akasema, "Mjomba wako yuko ndani, unataka nini tena?" Basi nimewaandikia kampuni ya umeme kwamba siji. Wameshamchukua mwingine. Sasa ni huko kwenu au nimenye pilipili maisha yangu yote.

Dunja


Leskovac, 10 Novemba

Mjomba, shikamoo ya pili, kwa kuwa ya kwanza hukuitikia.

Tuna wasiwasi. Mwezi na siku tano, hata mstari mmoja. Mama anasema wakubwa wana shughuli. Bibi anatazama tu sanduku la barua.

Habari ni kwamba usaili wa kwanza, wa kwenye kompyuta, nimepita! Wameniita Munich, ana kwa ana, tarehe 25 Novemba saa nne asubuhi. Basi linafika tarehe 24 mchana. Nitalala kwako, au siyo? Nataka unioneshe hilo Jengo la Tatu.

Mama anatanguliza mzigo kwa dereva wa basi, ufuate Jumamosi kituoni: chupa kumi na mbili za ajvar na chupa mbili za rakija ya plamu, ile kali ya babu. Amesema umpe mkubwa wako kabla ya usaili, si baada. Nimemwambia Wajerumani hawapendi mambo hayo. Amesema, "Hakuna mtu asiyependa ajvar, kuna asiyeletewa."

Dunja


Munich, 16 Novemba

Dunja,

Mnisamehe wote. Nilikuwa na kazi nyingi, halafu kalamu, halafu mafua.

Sasa tazama mkosi! Kampuni inanituma Japani, kuanzia tarehe 23 hadi 27. Umeme wa kule unahitaji mtu wa kwetu. Nimewasihi, wapi! Na chumba changu kinapakwa rangi. Nimekutafutia mahali kwa Bi Desanka, mjane wa kutoka Vranje, kitanda safi, supu kila siku, anwani nimeiandika nyuma. Kutoka kwake hadi langoni ni dakika kumi kwa miguu. Pita barabara ya upande wa kushoto, ya kulia imechimbwa.

Mzigo umefika. Rakija nimeificha. Ajvar imewafikia wahandisi wenyewe, chupa ya tatu imekwisha, Ruppert aliikomba kwa kipande cha mkate mpaka nikamwonea haya. Hakujua imetoka kwa nani na sikumwambia. Mwambie dada kazi imefanyika.

Vaa lile koti la bluu. Kunywa maji. Wakikupa kalamu, chora, usione haya.

Na Dunja. Wakikuuliza habari zangu, wewe wajibu habari za kapasita.

Mjomba


Leskovac, 1 Desemba

Mjomba, shikamoo, pole na safari. Japani kuna baridi?

Nilirudi salama. Bi Desanka ananisalimu, na amenipa supu ya kutosha hadi Pasaka. Anakusifu sana. Nikamuuliza anakusifia nini, akasema, "Mikono yake." Nikasema ndiyo, mikono ya umeme. Akanitazama akaniongezea supu.

Usaili ulichukua saa tatu. Walikuwa wawili, Ruppert na mama mmoja wa ofisi ya wafanyakazi mwenye faili la kijivu. Maswali ya umeme yalikuwa sita, nimejibu matano. La sita, la antena, nilikwama, nikawaambia nimekwama wapi, na Ruppert akasema, "Hapo ndipo na mimi nilikwama mwaka wa kwanza." La kapasita nililijibu kwa sinia na oveni. Alipenda.

Kabla ya hayo yote kulikuwa na swali jingine. Lilitoka kwenye lile faili la kijivu, na lilikuhusu wewe. Nililijibu. Sikuambii nilijibuje.

Nilipotoka njaa iliniuma. Nilipita upande wa kulia. Haujachimbwa.

Majibu watatuma kabla ya Krismasi yao, inayotangulia yetu. Bibi amewasha mshumaa kanisani, mmoja wangu, mmoja wako. Nikamuuliza wako wa nini, akasema, "Anajua mwenyewe."

Dunja


Leskovac, 19 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Nikola wetu

Mjomba, nimepata! Barua imekuja leo, nyumba imejaa wageni, mama analia na samaki anaungua. Naanza tarehe mosi Machi.

Nina swali moja tu. Mchana nitakula wapi? Mkabala na lango kuna kibanda cha kijani, lakini siku ile kilikuwa kimefungwa, na kikaratasi cha mlangoni kiliandikwa kwa herufi M zinazoruka kama mbuzi.

Dunja


Munich, 4 Januari

Dunja, mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Tatu zimefungia burek, zile chapati zetu za kuoka za jibini na nyama.

Hongera. Nilipoisoma barua yako nilifunga kibanda nikiwa na foleni ya watu tisa, nikacheza peke yangu nyuma ya oveni, wakawa wanagonga dirisha kwa sarafu. Nikawapa rakija ya babu badala ya kuomba radhi. Mmoja hajarudi kazini mpaka sasa.

Ulikataa kunieleza ulivyojibu lile swali la faili. Sasa jua kwamba ninajua. Nilipofungua tarehe 28, wa kwanza kufika alikuwa Ruppert. Hakuagiza. Aliegemea dirisha akaniambia yote. Kwamba yule mama alifungua faili akasema, "Umeandika jina la mtu ambaye hayupo hapa, na hajawahi kuwapo. Kwa nini tuendelee na wewe?" Na kwamba wewe uligeuka mwekundu kama pilipili, ukasimama, ukasema, "Kwetu mjomba akisema yuko ndani, hatumwombi kitambulisho. Nilipaswa kuhakikisha, sikuhakikisha, kosa ni langu. Lifuteni hilo jina, mniulize umeme."

Kosa ni langu, ukasema! Na lilikuwa langu tangu Agosti.

Anasema ulipofika kwenye sinia pembeni ya oveni, aliweka kalamu chini. Yule mama akamuuliza kuna nini. Akasema, "Huyu mjomba namjua." "Yuko jengo gani?" "Yuko nje ya lango." Halafu akanigeukia, mimi na aproni yangu, akaniambia: "Momo, usije ukajidai. Kazi hakuipata kwa ajili yako. Nusura aikose kwa ajili yako." Akaagiza ya jibini, mbili.

Ulipokataa kazi ya Leskovac, nilikaa na barua yako mwezi mzima. Kila siku nilisema leo nitamwandikia ukweli. Halafu ninakumbuka mwenye duka la matairi anavyowasalimia, na mama yangu anavyotazama sanduku la barua, najiambia labda kesho. Nilitaka na wewe uwe na mtu, kama wenzako. Mtu wenyewe sikuwa naye, nikajiweka mimi.

Msomee mama yangu barua hii, polepole. Dada atapiga kelele, mwache amalize. Mwenye duka la matairi nitamwandikia mwenyewe.

Tarehe mosi Machi njoo saa sita, usipange foleni, pitia mlango wa nyuma. Sinia lako litakuwa pembeni ya oveni, pamoja na mtindi.

Dunja, mimi si mkuu wa kitu. Nilisoma ufundi umeme miaka miwili nikafukuzwa kwa kuifanya kengele ya shule ilie nusu saa mapema. Japani nilikuwa chumbani kwangu, pazia limefungwa, nakula ajvar ya mama yako kwa kijiko. Jengo la Tatu halipo. Majengo ni mawili, nimeyatazama kwa nje miaka kumi na moja. Cheo hakuna, na ile bahati niliyokuandikia Agosti ilikuwa uongo. Nauza burek.

Mjomba wako,
Momčilo